Mvua Imenyesha na Hakuna Aliyepanda

Malvern, Johannesburg
Tarehe 5 Mei 2024

Kaka Ignace,

Mimi mdogo wako Mamie nakusalimia, wewe na wifi Agnès na watoto, na hata yule jirani yenu mwenye mbuzi wasumbufu kama bado yuko hai. Huku tuko. Baridi imeanza, saluni tunasuka watu na blanketi magotini. Chris wangu amerefuka, mlangoni anainama, lakini kichwa ni kile kile. Namsemesha Kiswahili anasikia yote, akifungua mdomo inatoka Kizulu. Juzi namwambia, "Wewe ni kitukuu cha Mwami wa Bushirwa, simama vizuri!" Ananijibu, "Eish, Mama." Basi. Ndiyo hilo jibu la mtoto wa kifalme.

Pole sana kwa kifo cha kaka yetu Valentin. Mwami mzuri alikuwa, ingawa alipenda bia, wacha niseme ukweli, maiti hasikii. Na wewe hongera, maana Khatibu dereva, anayetubebea barua, ameniambia wazee wamekubali kiti sasa ni chako. Kaka! Nilipiga vigelegele katikati ya Jules Street, watu wa teksi wakadhani nimeibiwa. Hapa Malvern walikuwa wananiita Princesse kwa utani. Sasa waniite bila utani.

Barua yako nimeipata, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kitambulisho. Nimeelewa kwa nini hutaki simu. Unasema group ya familia ni redio na mimi ndiye antena. Nimecheka peke yangu. Haya, tuandikiane, ila ujue mimi shule niliacha darasa la tatu, naandika vile naongea.

Umesema nimtafute mzee Ezéchiel wa Bushirwa, ana jembe la zamani la nyumba ya Mwami, nilipate kabla hujatawazwa. Kaka, kumtafuta? Namjua! Anakaa nyuma ya duka la matairi, barabara mbili kutoka kwangu. Ni mlinzi kule Fordsburg, kwenye duka la nguo la Mahmoud. Mzee mwembamba, kimya, Mprotestanti wa ng'ambo ya mto. Kwenye sherehe zetu za watu wa Bushirwa, mimi nikipewa kikombe cha kwanza kama mjukuu wa Mwami, yeye hanywi. Mara zote nilisema ana kiburi.

Si ndiye mjukuu wa yule Mwami Lushombo aliyechoma kanisa la mapadri? Tulifundishwa katekisimu hivyo: Lushombo alipendelea Waprotestanti, akachoma kanisa, Wabelgiji wakamfukuza, wakamweka mdogo wake, babu yetu Marcellin, aliyebatizwa. Sasa mjukuu wa mchoma kanisa anafanya nini na jembe letu?

Niambie. Salimia wifi, mwambie nywele za bandia nitamtumia na Khatibu, rangi ile ya asali.

Mdogo wako,
Mamie


Kalenge, Bushirwa, tarehe 9 Juni 2024

Mdogo wangu Mamie,

Amani ya Kristo iwe nawe na Chris. Sisi tu wazima. Agnès alisumbuliwa na mgongo, sasa ni afadhali. Paa la shule ninayoisimamia limeezekwa upya. Jirani wa mbuzi yupo, na mbuzi wake wapo.

Kuhusu ulichouliza. Jembe hilo ni la kiti cha Bushirwa. Mwami hupiga nalo ardhi asubuhi moja kabla ya mvua za Septemba, ndipo watu hupanda. Lilitoka nyumbani bila ruhusa wakati wa babu. Wazee wangependa kuliona siku ya kutawazwa kwangu, mwisho wa Agosti. Ni jambo la heshima tu, hakuna zaidi.

Nenda kwake kwa upole. Usizungumze na watu wengi.

Kaka yako,
Ignace


Malvern, tarehe 14 Julai 2024

Kaka Ignace,

Salamu nyingi. Wifi pole kwa mgongo, mwambie apake mafuta ya karafuu, Jocelyne tunayesuka naye anasema yanasaidia, ingawa yeye mwenyewe anatembea kama bata. Chris amepata kazi ya kupakia soda kwenye spaza, kiduka cha Msomali. Mimi niko sharp, isipokuwa jino.

Sasa sikia. Nilienda kwa mzee Ezéchiel Jumapili na mkate na sukari, vile umesema, kwa upole. Chumba kimoja, kisafi, kitanda kimetandikwa kama cha jeshi. Juu ya kabati, pembeni ya kofia yake ya ulinzi, nikaona kitu kimefungwa kwenye kitenge. Nikasema, "Mzee, ile si ndiyo jembe?" Akasema, "Ndiyo." Hakuficha! Akalishusha, akalifungua. Kaka, nilitarajia dhahabu. Ni chuma kimelika kimebaki kama kiganja changu, hakina hata mpini. Nikamwambia kaka yangu Ignace anatawazwa, nyumba inaliomba lirudi. Akasema, "Mama Chris, mkate asante. Jembe halitoki." Akalifunga tena. Akanimiminia chai, maziwa mengi, kama vile hatukusema kitu.

Nilitoka nimewaka. Na mimi unanijua, nikiwaka natoa moshi. Nilifika saluni nikamwambia Jocelyne, "Unamwona yule mlinzi mtakatifu? Nyumba yao ilituibia kitu cha kiti, na yeye amelala nacho!" Mteja mmoja kwenye kiti akageuka na nywele nusu. Akauliza, nikajibu. Nilisema vizuri pia, na mikono, na sauti yake niliigiza. Watu walicheka mpaka Jocelyne akaangusha kitana. Si wewe uliandika lilitoka bila ruhusa? Kitu kikitoka bila ruhusa kinaitwaje?

Sasa kuna jambo dogo, nakuambia tu lisikukute njiani. Yule mteja anauza mashuka Fordsburg. Maneno yalifika kwa Mahmoud. Mahmoud eti alisema mambo ya majembe yeye hayajui, lakini mlangoni kwake hawezi kuweka mtu anayeitwa mwizi. Amemtoa kazini. Mimi kwa Mahmoud sikuenda, sikusema na Mahmoud hata neno. Watu wanapenda kuongeza chumvi.

Nimemwona Ezéchiel jana kwenye robot, zile taa za barabarani pale Jules, anangoja kuvuka. Taa ilikuwa ya kijani, hakuvuka. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Basi, ni hayo. Nguo ya kutawazwa utavaa rangi gani? Mimi napendelea nyekundu.

Mamie


Kalenge, tarehe 11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Tumepokea nywele. Agnès anashukuru, amekuwa kama msichana. Mtoto wetu wa tatu amefaulu mtihani wa serikali. Vumbi ni jingi mwaka huu.

Habari za mzee yule nimesikitika kuzisikia. Nilikuomba usizungumze na watu wengi. Sasa acha, usiende tena kwake. Mhunzi anatengeneza jembe jipya, padri atalibariki, na mwakilishi wa serikali atakuwepo. Itatosha.

Nguo ni nyeupe.

Ignace


Malvern, tarehe 8 Septemba 2024

Kaka Ignace,

Nakusalimia, Mwami. Picha za kutawazwa nimeziona, nyeupe imekukaa. Chris alizitazama, akasema, "Uncle anaonekana kama mtu anangoja daktari." Nikampiga kofi la mgongo, halafu na mimi nikaona kweli.

Nimekupigia simu kila siku wiki hii. Inalia, hupokei. Wifi anapokea anasema uko kikaoni. Kikao gani hakiishi, Kaka? Basi naandika, na hii barua usiikunje haraka.

Ulisema nisiende kwa Ezéchiel. Nilienda. Lile la robot lilikuwa linanirudia, nikisuka naliona. Nikabeba unga na samaki wakavu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, pale kwenye kipande cha udongo kati ya ukuta na matairi mabovu, kama mkeka mmoja hivi. Amekaa kwenye ndoo, analiangalia lile jembe kwenye mapaja. Nikasema, "Mzee, nimekuja." Akasema, "Kaa, mtoto wa Marcellin." Hakuniita Mama Chris.

Nikaanza kucheka-cheka, si unajua mimi nikiona aibu meno yanatoka yenyewe. Nikasema, "Mzee, unalima matairi?" Akasema, "Hapa ndipo napigia." Kupigia nini? Ndipo akaniambia, na Kaka, wewe soma pole pole.

Anasema kila mwaka kabla ya mvua za nyumbani, asubuhi, kabla hajasema na mtu, anatia mpini, anaweka simu chini kwenye udongo, anapiga jembe mara moja. Kule ng'ambo ya mto kuna mama mmoja mzee anasikiliza. Akisikia, anapiga kigelegele, kilima cha pili wanapokea, mpaka Bushirwa yote. Ndiyo watu wanachukua mbegu. Kutoka hapa Malvern, Kaka! Nyuma ya duka la matairi!

Nikasema, "Mzee unaota. Babu yetu alipiga jembe miaka yote, mbele ya Wazungu, na Valentin baada yake." Akasema, "Walipiga. Waliopanda ni akina nani siku hiyo?"

Halafu nikakumbuka mama yetu. Wewe ulikuwa seminari, hukuona. Babu alikuwa anapiga jembe uwanjani, ngoma, medali kifuani, mapadri wamekaa kwenye viti. Sisi watoto tunashangilia. Tunarudi nyumbani, namwambia Mama, "Tupande!" Anasema, "Bado. Udongo haujaamka." Siku zinapita. Asubuhi moja anasimama mlangoni, uso upande wa mto, anasikiliza. Halafu anachukua kapu la mbegu. Mkwe wa Mwami mwenyewe! Niliona haya na macho yangu mawili na sikuwahi kuuliza, mimi ninayeuliza hata bei ya jeneza la watu.

Ezéchiel anasema kanisa la nyasi lilichomwa na radi. Babu yetu alikuwa katekista, alikuwa analala pale pale kwenye kibanda cha kengele. Aliiona radi. Lakini mapadri walikuwa na hasira, Lushombo alikuwa amewapa Waprotestanti kilima cha shule, na Bwana Administrata, yule mkubwa wa Wabelgiji, alikuwa anatafuta mwami wa kumtii. Wakamweka babu mbele yao wakamuuliza. Akaweka mkono juu ya Biblia akasema alimwona mtu wa kaka yake na moto mkononi. Kaka yake wa tumbo moja! Lushombo akapandishwa lori na blanketi moja, akafia mbali huko upande wa Kasai. Nikauliza, na wale Waprotestanti wake? Akasema, "Mzungu wao alinyamaza. Mwaka uliofuata akapewa kilima kingine, kikubwa." Alisema hivyo bila hasira.

Askari walipokuja, mke wa Lushombo alichomoa jembe kwenye mpini, akalifunga mgongoni na kitenge kama mtoto. Askari hawakumgusa mama aliyebeba mtoto, akavuka nalo mto, nyumba yake ikawa inalipiga huko. Mpini ndio ulibaki kwetu. Babu akatia jembe la dukani, la Mgiriki. Kila mtu alijua. Watu walipigwa kiboko wapande, wakafukia mbegu zilizochemshwa.

Nikamwambia, "Basi mwaka huu ulipiga lini?" Akasema hatapiga. Walimpigia simu kutoka nyumbani wakamuuliza, "Ni kweli uliiba?" Maneno yangu, Kaka, ya saluni, na mikono na kuigiza, yamefika mpaka ng'ambo ya mto. Kumbe kwa desturi yao mtu aliyeitwa mwizi hafungui udongo, mpaka jina lisafishwe na mdomo uliolichafua. Akasema, "Mimi sigomi. Nikipiga leo, hakuna atakayesikia." Unga wangu aliupokea, akashukuru. Ningependa angenitukana.

Sasa nakuuliza wewe msomi. Ni kweli kuhusu babu? Na nyinyi kwako, wifi alipanda lini mwaka jana?

Nijibu hayo mawili tu. Habari za mgongo wa wifi utaniambia siku nyingine.

Mamie


Kalenge, tarehe 24 Septemba 2024

Mdogo wangu Mamie,

Barua yako imefika kwa haraka, nashukuru. Agnès mgongo umemrudia. Watoto wameanza shule.

Nilipiga jembe tarehe saba mbele ya padri, mchungaji na mwakilishi wa serikali. Padri na mchungaji waliombea mbegu, na walishindana kidogo kwa urefu wa sala. Tangu wiki iliyopita mvua inanyesha vizuri sana, ya kutosha kabisa. Mashamba ni matupu. Nikipita watu wananisalimia kwa adabu, wanaendelea kuketi. Nilimwita mkuu wa kijiji, akasema, "Mwami, watu wanapumzika." Mvua hii ikipita hakutakuwa na maharage mpaka mwaka ujao, na unajua huku watu wanaishi kwa hayo.

Maneno yametoka kwako. Simama mbele ya watu huko useme ulikosea, ili mzee huyo apige jembe lake. Nakuomba kama kaka. Mambo ya zamani tuyaache kwa Mungu.

Ignace


Malvern, tarehe 8 Oktoba 2024

Kaka Ignace,

Salamu. Tuko wazima. Sina habari nyingine za nyumba, zote ni hii.

Nilisema. Jumapili kanisani kwetu, ile ya Wakongomani pale juu ya karakana, niliomba maikrofoni. Mchungaji alidhani naomba wimbo. Nilisimama na kitenge changu kizuri, nikasema, "Mimi Mamie, yale niliyosema ya mzee Ezéchiel ni uongo. Hakuiba. Waliochukua cha wenzao ni sisi." Halafu mama mmoja nyuma akauliza, "Cha wenzenu kipi, Princesse?" watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, na machozi yanashuka, yaani sura yangu ilikuwa kama barabara mbovu. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa karibu na dirisha. Hakunitazama. Aliangalia mikono yake.

Kisha saluni zote za Jules nilipita moja moja. Kaka, uongo ulikimbia wenyewe, ukweli nausukuma kama gari lenye betri imekufa. Naanza kueleza, wananiambia, "Sawa, sawa, Mama Chris, na yule Jocelyne ni kweli ana bwana Mburundi?" Fordsburg pia nilienda. Mahmoud alinisikiliza na adabu, akanipa kiti, akasema amesikia na anasikitika, lakini mlangoni ameshaweka kijana mwingine, ana watoto, hawezi kumtoa. Nilitoka pale nikampita huyo kijana mlangoni, amesimama na kofia ile ile ya ulinzi.

Nilirudi kwa Ezéchiel nikafikiri imekwisha. Nikasema, "Mzee, nimelisafisha." Akasema, "Umesafisha upande wa mdomo. Lakini neno si lako. Nani alikuambia?" Nikanyamaza. Mimi, Kaka. Nikanyamaza ili nisikutaje, na yeye alikuwa anajua, na alijua najua anajua. Akasema tu, "Kilima kinangoja kusikia kutoka kilimani, kwa mwenye neno."

Nilikuuliza mambo mawili. Ukaniandikia mvua na mgongo. Uliandika "bila ruhusa." Kwa mkono wako mzuri wa seminari. Wewe ulijua jembe lilitokaje, ndiyo sababu ulichagua neno laini, ukalituma kwangu mimi mwenye mdomo mkali nilinoe. Babu aliweka mkono kwenye Biblia. Mimi nilikuwa na kitana mkononi, na nilifurahi. Hicho ndicho kinaniua, nilikuwa nafurahi. Sijui wewe ulikuwa unajisikiaje ulipoandika, kwa sababu huniambii.

Unasema tumwachie Mungu mambo ya zamani. Haya. Na hawa wanaoketi mlangoni mvua inanyesha, na watoto wao, tumwachie nani?

Sikusimangi. Mimi ni mdogo wako, kinywa changu unakijua. Lakini simama, Kaka. Mimi nilisimama na magoti haya.

Hii barua anakuja nayo Khatibu, anaenda kwa ndege mpaka Kigali safari hii. Nimemwambia asikupe mpaka amekuona uso.

Mamie


Kalenge, tarehe 27 Oktoba 2024

Mamie,

Sisalimii leo kwa urefu. Tupo.

Ni kweli kuhusu babu. Alimwambia baba yetu alipokuwa anakufa, baba akaniambia mimi nilipotoka seminari. Nimekaa nalo miaka yangu yote. Nilifundisha watoto wa watu historia ya Bushirwa na kila mwaka nilisema Lushombo alichoma kanisa, kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa, na kwa sababu mshahara ulitoka misioni. Nilipokuandikia lile neno nililifikiria asubuhi nzima. Sikuandika "aliiba" ili nisiwe nimedanganya.

Jumatano niliwaita watu uwanjani. Nilitaka padri asiwepo, akaja. Mchungaji naye akaja, kwa kuwa padri amekuja. Nikasema yote, radi, Biblia, lori, jembe. Nilisema Ezéchiel hakuiba chochote na kwamba neno hilo lilitoka kwangu. Padri aliangalia viatu. Mchungaji alianza kutabasamu, mpaka nilipofika kwenye kile kilima kikubwa.

Watu hawakushangaa, Mamie. Hilo sikulitegemea. Nilidhani nawafunulia kitu. Walinisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayekuambia jua limechomoza. Nilipomaliza mama mmoja mzee akauliza, "Na mke wako mwaka jana alipanda lini?" Agnès alikuwa amesimama kando yangu. Akajibu yeye, si mimi: "Siku ile ile na nyinyi." Wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka wote, na mimi nilikuwa nimevaa medali ya babu.

Asubuhi iliyofuata walileta simu uwanjani, wakaiweka juu ya jiwe, sauti wazi. Tulisikia honi za magari yenu, mbwa, halafu kimya kidogo. Halafu jembe, mara moja. Yule mama akapiga kigelegele. Kilima cha pili kikapokea kabla hajamaliza.

Wamechelewa sana. Hatujui kama maharage yataiva kabla mvua haijakata. Lakini watu wapo mashambani mpaka giza, pamoja na watoto, shule nimeifunga.

Nilibaki uwanjani na jembe langu jipya lililobarikiwa. Hakuna aliyeniambia nishuke kitini, na hakuna aliyeniambia nikae. Baadaye Agnès alirudi akaniita kutoka barabarani, kwa jina langu, mbele za watu, "Ignace, mgongo unaniuma, njoo unisaidie kuchimba." Nikavua medali nikaiweka mfukoni, nikamfuata. Tulipanda upande wa chini, karibu na mto. Waliotupita walimsalimia Agnès.

Ignace